Nodi Zilizokufa kwa Kukosa Usingizi

Mzee aliitikia shikamoo yangu kwenye simu, kisha akasema, “Mwanangu, vile vidude vyako vimelala.” Ilikuwa siku ya 17 tangu tulipovifunga. Nodi 11 za kupima unyevu wa udongo, kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, kule chini bonde la Ziwa Eyasi, kila moja ikiwa na betri 4 mpya za AA. Mzee nilikuwa nimemwahidi mwaka mzima bila kugusa betri. Nikamwomba radhi, nikaanza kupiga hesabu ya mafuta ya gari kutoka Arusha.

Nilipozifungua mezani niligundua kwamba mzee alikosea neno moja tu. Zile nodi hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimekesha siku 16 mfululizo, usiku na mchana, hadi betri zikakauka.

Nodi ya kihisi ni kompyuta ndogo sana iliyopewa kihisi, redio na betri. Kazi yake ni ya muda mfupi: iamke, ipime, itume, irudi kulala. Zangu ziliamka kila baada ya dakika 15, zikafanya kazi kwa muda usiofika sekunde moja, kisha programu ikaziamuru zilale. Chipu niliyotumia, ATmega328P, ikiwa kwenye usingizi mzito hula maikroampia chache tu. Niliipima chipu peke yake, nikaridhika, nikafunga maboksi. Bodi nzima sikuipima.

Sasa nikaipima. Ikiwa “imelala”, bodi ilikuwa inavuta miliampia 6.4, yaani maikroampia 6,400. Nikaanza kumtafuta mlaji. Wa kwanza alikuwa kidhibiti volti, kile mafundi wanachokiita regyuleta. Bodi nyingi za bei nafuu huja na AMS1117, na kidude hicho hula takribani miliampia 5 kwa kuwepo tu, kuwe na kazi au kusiwe na kazi. Wa pili ni ile taa nyekundu ya kuonyesha kwamba umeme upo: zaidi kidogo ya miliampia 1, ikiwaka ndani ya boksi lililofungwa, gizani, bila mtu wa kuiona. Wa tatu niliweka kwa mikono yangu: rezista mbili za kilo-omu 10 za kupimia volti za betri, zikipitisha miliampia 0.3 kila sekunde ya maisha yake.

Betri nzuri ya alkalini ya AA huwa na takribani miliampia-saa 2,500, yaani akiba ya kutoa miliampia 1 kwa saa 2,500. Ukiziunga 4 kwa mfululizo volti zinapanda, lakini akiba hiyo inabaki ileile. Gawanya 2,500 kwa 6.4 upate saa 390, yaani siku 16. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Sikuwa nimeifanya tu.

Linganisha na kazi yenyewe. Redio niliyoweka, SX1276, ni ya LoRa, aina ya redio inayofika mbali kwa umeme kidogo. Ikituma kwa nguvu ya dBm 13 (kama miliwati 20) hula takribani miliampia 29, na ujumbe mfupi kwa mpangilio wa haraka huchukua kama milisekunde 60. Jumbe 96 kwa siku hazifiki hata miliampia-saa 0.05. Usingizi wangu mbovu ulikula 154 kwa siku hiyohiyo. Kwa kila sehemu 1 ya umeme iliyobeba habari kutoka shambani, sehemu zaidi ya 3,000 zilipotea wakati nodi ikiwa haina la kufanya.

Ndiyo maana mwanafunzi anaponiletea wazo la itifaki mpya (kanuni za nodi kuzungumza) ya kuokoa nishati, swali langu la kwanza ni: bodi yako ikilala inavuta mkondo kiasi gani? Wengi hawajapima, na nisingetaka wajifunze kwa njia niliyojifunza mimi. Tatizo ni kwamba kupima kwenyewe kuna mtego. Ukiweka multimita kwenye kiwango cha maikroampia, ndani yake kuna rezista inayodondosha volti. Nodi ikiwa imelala haijali. Ikiamka kutuma, mkondo unapanda mara elfu kadhaa, volti zinaanguka, chipu inajizima na kuwaka upya, nawe unabaki unapima nodi isiyolala kamwe. Dawa ni waya mfupi unaopita kando ya multimita: uache umeunganishwa nodi ikiwaka na kutuma, ukishajua imelala ndipo uuondoe usome.

Marekebisho yalichukua jioni mbili. Taa niliing'oa kwa pasi ya kulehemu. Regyuleta nikaibadilisha na HT7333, ambayo yenyewe hula kama maikroampia 4. Zile rezista mbili nikazipitishia kwenye transista inayofunguliwa kwa muda mfupi tu, mara moja kwa siku, wakati wa kupima betri. Bodi ikalala kwa maikroampia 10, ambayo ni miliampia-saa 0.24 kwa siku.

Hapo nikawa nimefika mahali ambapo utafiti wa fani hii umekaa kwa zaidi ya miaka 20, yaani redio. Mwaka 2000 watafiti Gregory Pottie na William Kaiser walitoa mfano ambao bado naufundisha: kutuma kilobiti 1 umbali wa mita 100 kunagharimu kama juli 3, na kwa juli hizohizo kichakataji cha kawaida cha wakati huo kingetekeleza mamilioni ya maagizo. Maana yake kwa mtu wa shambani ni kwamba nodi ifikiri kwanza kabla ya kusema. Isitume vipimo 10 ikiwa wastani wake unatosha.

Lakini kinachoshangaza watu zaidi ni kusikiliza. Chukua CC2420, redio iliyokuwa kwenye nodi maarufu za TelosB. Ikituma kwa nguvu yake yote hula miliampia 17.4. Ikisikiliza hula 18.8. Kusikiliza kimya kitupu ni ghali kuliko kusema! Mpe nodi hiyo betri 2 za AA na uiache isikilize muda wote: baada ya siku tano na nusu imekwisha. Iache isikilize asilimia 1 tu ya muda, na betri zilezile zinavuka mwaka mmoja na nusu.

Sasa ikiwa kila nodi inalala asilimia 99 ya muda, zitakutanaje? Njia ya kwanza ni ya gulio. Hakuna anayekaa sokoni wiki nzima kumsubiri mnunuzi. Siku inajulikana, watu wanakutana, jioni wanatawanyika. Itifaki ya S-MAC ya mwaka 2002, ya Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin, ilifanya hivyo: majirani wanakubaliana saa ya kuamka na saa ya kulala. Gharama yake ni kulinganisha saa, maana saa za chipu za bei nafuu huachana kidogo kidogo, hasa jua likiwa kali.

Njia ya pili ni ya hodi. Katika B-MAC, ya Joseph Polastre, Jason Hill na David Culler mwaka 2004, hakuna saa ya makubaliano. Kila nodi inachungulia hewani kwa muda mfupi sana, kisha inalala tena. Mwenye ujumbe anabisha hodi kwa muda mrefu kuliko pengo kati ya kuchungulia na kuchungulia, hivyo mwenyeji lazima aisikie. Msikilizaji analala vizuri na mzigo unahamia kwa mtumaji. Ikiwa jumbe ni chache, hilo ni biashara nzuri. Ila hodi hiyo inawaamsha hata majirani wasiohusika, na kwenye mtandao wenye nodi nyingi karibu karibu umeme mwingi unaishia hapo.

Ya tatu ni ya zamu, kama sungusungu wanavyokesha kwa mzunguko ili pasiwe na kaya moja inayolinda kijiji kila usiku. LEACH, itifaki iliyochapishwa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa MIT, inagawa nodi kwenye vikundi. Kiongozi wa kikundi anakusanya vipimo vya wenzake na kuvituma mbali, kisha uongozi unahama kwa mwingine. Ni wazo zuri, na tasnifu nyingi zimejengwa juu yake. Wasiwasi wangu ni kwamba nyingi kati ya hizo zinaishia kwenye uigaji wa kompyuta, ambako nodi ikilala haili chochote. Kwenye ulimwengu huo regyuleta haipo.

Mradi ninaourudia kila nikifundisha ulifanyika hapahapa jirani, Kenya. ZebraNet, wa Chuo Kikuu cha Princeton, uliwavalisha punda milia kola zenye GPS na redio, na Januari 2004 kola hizo zilijaribiwa porini Sweetwaters, karibu na Nanyuki. Mnyama haitwi akabadilishiwe betri. Minara ya simu haikutegemewa, na punda milia hakai karibu na kituo cha kupokelea. Kwa hiyo kola zilihifadhi mahali mnyama alipopita, na wanyama walipokaribiana kola zikapeana kumbukumbu, redio ikiwashwa kwa saa maalumu tu na kulala muda uliobaki. Mtafiti akimfikia punda milia mmoja, anapata safari za wenzake pia. Chipu ya kola ilitumia saa mbili: ya mwendo wa polepole wakati wa kungoja, na ya kasi pale tu ilipohitajika. Sola kwenye kola ilisaidia, lakini mahesabu yote yalianza na swali moja: nani anaruhusiwa kuwa macho, na kwa sekunde ngapi?

Mang'ola sikuhitaji nodi zipeane ujumbe. LoRa inafika mbali, kwa hiyo kila nodi inazungumza moja kwa moja na lango, yaani kituo cha kupokelea kilicho kwenye nyumba moja. Kwa mpangilio wa daraja A wa LoRaWAN, yaani kanuni za mtandao wa LoRa, nodi ndiyo huamua kusema. Ikishasema inafungua masikio mara mbili kwa muda mfupi, baada ya sekunde 1 na baada ya sekunde 2, kisha inalala. Tatizo la kusikiliza limekwisha hapo. Limebaki la kusema, na hapo umbali unauma. LoRa ina kipimo cha mtawanyo, kinachoandikwa SF, kwenye nodi zangu kuanzia 7 hadi 12: kikipanda, ujumbe unafika mbali zaidi lakini polepole. Ujumbe uleule unaochukua milisekunde 60 kwa SF7 unachukua karibu sekunde moja na nusu kwa SF12. Nodi iliyo pembezoni inalipa mara 24 ya nodi iliyo karibu, kwa habari ileile.

Nilichofanya kwanza ni kupandisha antena ya lango. Ilikuwa ukutani, nikaipeleka juu ya mnara wa tangi la maji, na nodi 6 zilizokuwa zikipiga kelele kwa SF12 zikashuka hadi 8 na 9. Waya na kazi ya siku moja vilinipa kilichonishinda kwa miezi kwenye programu. Kisha nikafupisha ujumbe. Mwanzoni nilituma maneno kamili, “unyevu” na “joto” na alama zake. Sasa ni baiti 4. Mwisho nikaacha kutuma kila dakika 15. Udongo wa shamba la vitunguu haubadiliki haraka hivyo, isipokuwa zamu ya maji inapofika na mfereji ukafunguliwa. Nodi inapima kama zamani, ila inasema tu pale unyevu ulipobadilika vya kutosha, na kila baada ya saa 6 inatoa salamu fupi kwamba ni nzima.

Kosa jingine nililigundua umeme ulipokatika siku mbili kwenye nyumba yenye lango. Nilikuwa nimeziagiza nodi zisubiri jibu la kila ujumbe, na zisipolipata zirudie hadi mara 8, zikipanda ngazi ya SF kila baada ya majaribio mawili. Lango likiwa limezimika, ujumbe wa milisekunde 60 uligeuka jumla ya sekunde moja na nusu za redio, tena na tena. Siku hizi nodi isipojibiwa inangoja muda unaorefuka kila inapojaribu, mwisho inajaribu mara moja kwa siku. Vipimo inavitunza ndani yake.

Wengi huniuliza kwa nini nisiweke sola basi yaishe. Kwa lango nimeweka. Kwa nodi zilizo chini kati ya matuta, vumbi la Eyasi linafunika kioo ndani ya wiki, na betri za kuchajiwa huchoka haraka kwenye boksi lililopigwa jua mchana kutwa. Kwa nodi inayokula miliampia-saa 1 kwa siku, naona betri isiyochajiwa ndiyo salama zaidi. Kwenye karatasi ingevuka miaka 6. Joto na kuvuja kwa betri vitaikata, kwa hiyo mzee nimemwambia miaka 2.

Sasa ni mwezi wa 14. Nodi 10 bado ziko juu ya volti 5.6. Ile namba 7, iliyo nyuma ya migunga upande wa mfereji mkuu, bado iko SF12 na volti zake zinashuka haraka kuliko za wenzake. Nikienda mwezi ujao nitaipandisha kwenye nguzo ya mita 2, nipime tena mkondo wake ikiwa imelala, kisha nikae hapo saa nzima niione ikituma.