Kabla hujauliza plagini, angalia chumba na maiki

Vijana wengi wanaokuja kujifunza uprodyuza swali lao la kwanza huwa bro unatumia plagini gani kwenye sauti (plagini ni zile programu ndogo za kurekebisha sauti ndani ya kompyuta), na mimi nawarudisha nyuma kabisa kwenye chumba maana wimbo mwingi unaharibikia hapo kabla hata kompyuta haijahusika.

Chumba chetu cha kawaida kina ukuta wa plasta, sakafu ya tailizi na dirisha la kioo, sasa msanii akiimba sauti inagonga huko kote alafu inarudi kwenye maiki imechelewa kidogo, ule mwangwi ukishaingia kwenye rekodi zipo plagini za kuupunguza ila zinakula na sauti yenyewe. Trei za mayai ukutani hazisaidii kitu cha maana, ni nyepesi mno. Tafuta godoro, mablanketi mazito, hata kabati la nguo likiwa wazi. Na hapa wengi hawajui, maiki ya kadioidi inasikia zaidi kilicho mbele yake kwahiyo godoro liweke NYUMA YA MSANII, wengi wanaliweka nyuma ya maiki alafu wanashangaa mwangwi upo pale pale.

Kama nje kuna bodaboda na jirani ana genereta usikimbilie kondensa, ile maiki nyeti inayodaka hata sauti ndogo, itakuletea mtaa mzima. Chukua dainamiki, maiki isiyo nyeti sana, mfano Shure SM58 ipo sokoni toka 1966 na bado inarekodi sauti nzuri tu, haihitaji hata ule umeme wa volti 48 ambao kondensa inahitaji. Feni zima wakati wa kurekodi, najua joto, washeni mkipumzika.

Msanii akae shubiri moja hivi kutoka kwenye maiki, kama sentimita 20. Akisogea sana besi inajaa sauti inakuwa nzito kupitiliza, na zile p na b zinapiga upepo, weka pop filta au geuza maiki pembeni kidogo isitazamane na mdomo moja kwa moja.

Kwenye levo, yaani ukubwa wa sauti inayoingia, ndo nasisitiza sana. Rekodi kwa biti 24 (unaichagua kwenye programu ya kurekodi), sehemu za juu kabisa zicheze kati ya desibeli -12 na -6. Dijitali mwisho wake ni sifuri, ukivuka mawimbi yanakatwa kichwa na sauti inapasuka, sasa unalazimisha kukaribia sifuri ya nini wakati biti 24 kinadharia zina nafasi ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa (biti 16 ni 96), huna haja ya kuogopa kurekodi chini kidogo, utapandisha baadae kwenye miksi. Ila usipime levo kwa "cheki moja mbili", hakuna anayeimba hivyo, mwambie aimbe kiitikio kwa nguvu zote ndo upime.

Alafu kuna bufa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia, hii inawavunja moyo wasanii wachanga bure kabisa. Ukiiacha kwenye sampo 1024 kwa 44.1 kHz (yaani sampo 44,100, vipimo vya sauti, kila sekunde), hiyo peke yake ni milisekunde 23 kwenda na nyingine kurudi, msanii anajisikia kwenye hedifoni amechelewa, anayumba, alafu watu wanamwambia hajui kukaa kwenye mdundo. Shusha hadi 128, hapo ni kama milisekunde 3 tu kila upande. Kompyuta ikilemewa zima plagini zote nzito, utaziwasha na kupandisha bufa tena mkianza miksi.