Mazoezi si adhabu ya kunenepa

Naisikia karibu kila wiki. Mteja anamaliza kipindi, uso umechangamka, halafu anauliza kwa wasiwasi: "Mbona leo nimefurahia? Au sikujituma?" Mwingine anataka nimwongezee vyuma kwa sababu tu ameamka asubuhi bila kuumwa popote. Kati ya dhana zote potofu kuhusu kupunguza uzito, hii ya kwamba zoezi lisilotesa halifanyi kazi ndiyo inayonikera zaidi, maana inawakimbiza watu kabla mwili haujapata hata muda wa kubadilika.

Tuanze na hayo maumivu yanayosifiwa. Misuli ikiuma siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, maana yake umeipa kazi ambayo haijaizoea, hasa ile ya kurefuka huku imebeba uzito: kushuka ngazi, kukimbia kwenye mteremko, kuteremsha chuma polepole. Rudia zoezi lile lile wiki moja au mbili baadaye na maumivu yatakuwa madogo, ilhali misuli inazidi kuimarika. Kwa kipimo cha maumivu, basi, anayeendelea vizuri ndiye angeonekana amelegea. Na jamani, tuache kuisingizia asidi ya laktiki, ile inayozalishwa misulini unapojituma sana. Kiwango chake hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokuuma keshokutwa. Maumivu makali ya kiungo, au ya kifua, ni habari nyingine kabisa: hapo unaacha mara moja na kumwona daktari.

Sasa hesabu. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka kwa nusu saa hutumia kalori 150 hivi. Kilo moja ya mafuta mwilini imebeba kalori zipatazo 7,700. Yaani, bila kugusa chakula, kilo moja tu inadai matembezi kama 50 ya aina hiyo. Ukikimbia, idadi hiyo itashuka karibu nusu, lakini bado hakuna Jumamosi moja ya kujitesa inayoweza kuimaliza. Kinachoimaliza ni kurudi tena na tena, na mtu harudi anapopachukia. Ndiyo maana kila anayekuja kwangu namuuliza ni kitu gani anaweza kuwa bado anakifanya miezi sita ijayo. Akinitajia kuruka kamba na watoto wake, tunaanzia hapo, hata kama alikuja akitaka mashine ya kukimbilia.

Raha nayo ina mpaka wake, na mpaka huo unapimika kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani, na hapo watu wengi hujisikia vizuri. Pumzi ikipanda mpaka sentensi inakatika katikati, raha inaporomoka karibu kwa kila mtu. Anayeanza hufika hapo mapema, pengine kwa kutembea tu. Kwa hiyo mnaonifuata na rafiki mwenye miaka mingi ya mazoezi, mkitaka kwenda sambamba naye, nawaomba muache: kwake hiyo ni kasi ya maongezi, kwako ni mateso. Mazoezi makali yana faida zake, yanaokoa muda na yanaupa moyo uwezo mkubwa. Lakini yafikie kwa ngazi.

Ushauri wangu ambao sitauacha: weka sehemu ngumu mwanzoni baada ya kupasha mwili moto, kisha umalizie na ile unayoipenda. Namna kipindi kinavyoisha ndiyo inayobaki kichwani kesho yake unapoamua kwenda au kubaki kitandani. Na weka muziki. Kwenye kasi ya wastani muziki hupunguza hisia ya uchovu. Ukishakuwa unatweta, msaada wake hupungua, kwani mwili unakuwa na kelele zake.

Zipo na dhana nyingine ninazozisikia. "Kucheza muziki si mazoezi." Ni mazoezi. Kucheza kwa nguvu hutumia nishati sawa na kutembea haraka, na mara nyingi zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10 limeondolewa, kwa hiyo nyimbo mbili jikoni nazo zinahesabika.

"Nikitoka jasho jingi nimeyeyusha mafuta." Umepoteza maji, na ukinywa yanarudi. Tafadhali vueni hayo makoti ya plastiki.

"Nataka kutoa kitambi tu." Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo. Mafuta yatoke wapi kwanza, huchagui wewe.

"Wanawake wakinyanyua vyuma watakuwa na miili ya kiume." Homoni ya testosteroni, inayosaidia misuli kukua, kwa wanawake ni kidogo mno kuliko ya wanaume, na hata wanaume wanahangaika miaka kuijenga misuli hiyo.

Iliyobaki ni ile ya kununa. Wapo wanaoamini kwamba hasira na huzuni ni dalili kuwa dayati inafanya kazi, na wanavumilia wakingoja kufurahi siku mizani itakaposoma namba fulani. Mwaka 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula karibu kwa nusu wanaume 36 wenye afya kwa wiki 24, huku wakitembea kila wiki. Walipungua sana, ndiyo. Pia walikuwa wepesi wa kukasirika, wakajitenga na wenzao, wakawa hawawazi kingine ila chakula. Hawakuwa watu wa tabia mbaya, walikuwa na njaa.

Ukijiona unagombana na kila mtu nyumbani, usingizi unakatika na mazoezi uliyoyapenda sasa unayakwepa, angalia sahani kabla ya kujilaumu kwa uvivu. Punguza polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na usikate protini. Mteja akiniletea dalili hizo, jambo la kwanza ninalobadilisha ni chakula, naongeza, na ratiba ya mazoezi naiacha ilivyo mpaka uchangamfu urudi.