Sekunde 9 za Yale

Hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani ikifika mwisho wa Machi, najua nitakachoambiwa: timu namba moja imetolewa, kumbe msimu mzima ilikuwa inabebwa na ratiba. Nimechambua takwimu za mchezo huu miaka mingi, na safari hii nimeambiwa hivyo hadi nimechoka. Si kweli.

Mtoano una timu 16, kanda nne, ukifungwa mara moja umetoka. Kombe ni mechi nne.

Chukua timu kali kweli kweli, yenye nafasi ya asilimia 70 ya kushinda kila mechi. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara nne: unapata 0.24. Yaani timu hiyo, bila kushuka kiwango hata kidogo, italikosa kombe karibu mara tatu katika kila nne. Na hiyo 70 nimeipa kwa ukarimu; kwa wapinzani wa hatua hii mara nyingi ni ndogo zaidi.

Ndipo wananijibu: basi bingwa amebahatisha! Hilo linaniudhi zaidi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Yale waliingia wakiwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kupata nafasi. Waliwatoa Minnesota kwa bao la sekunde ya 9 ya muda wa nyongeza (humo bao la kwanza ndilo linalomaliza mechi), wakawafunga North Dakota 4-1, wakawatoa UMass Lowell, tena katika muda wa nyongeza, kisha kwenye fainali wakawachapa Quinnipiac 4-0. Quinnipiac hao hao walikuwa namba moja ya mashindano na walikuwa wamewafunga Yale mara tatu msimu ule. Mabao mawili ya muda wa nyongeza yangeweza kuangukia upande wowote, nakubali. Lakini timu dhaifu haifiki kwenye muda wa nyongeza na Minnesota, wala haimalizi fainali bila kuruhusu bao. Bahati iliamua kati ya timu zilizokaribiana, haikuiumba Yale.

Halafu kuna golikipa, na hapa hesabu zangu zenyewe zinanisumbua. Jeff Malcolm wa Yale aliokoa mashuti yote 36 ya fainali ile. Watu husema "golikipa amewaka moto" kana kwamba ni kitu kinachopimika. Kwa mechi nne golikipa hukutana na mashuti kama 120. Kwa idadi hiyo, anayeokoa asilimia 90 na anayeokoa asilimia 92 hawatofautishiki. Mashuti mawili matatu yaliyogonga mwamba yanatosha kuwabadilishia nafasi. Tofauti hiyo hiyo, msimu mzima, ndiyo inayotenganisha golikipa wa kawaida na anayetafutwa na kila kocha. Kwa hiyo nikiulizwa kama Malcolm alikuwa bora wiki zile au paki (kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira) ilimwangukia vizuri, takwimu za mtoano peke yake hazitoshi kujibu, na anayedai zinatosha hajazipiga hizo hesabu.