"Spishi mpya" ya nondo ni mpya kwa nani?

Redio ikitangaza kwamba imegunduliwa spishi mpya (yaani aina ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao) ya nondo milimani, barazani kwetu lazima atokee mtu aulize: "Milimita ngapi?" Kwa fundi, nondo ni chuma cha zege. Huyu wa habari ni mdudu, yule anayekuja usiku kuzungukazunguka taa, ukimshika anakuachia vumbi vidoleni. Vumbi lile ni magamba ya mbawa zake.

Lakini neno linalopotosha watu zaidi ni hilo "mpya". Nondo mwenyewe yuko huko msituni tangu enzi. Ni kama mtoto wa shamba ambaye keshakua na dukani anatumwa, ila siku ya kuandikishwa skuli ndipo anapotafutiwa cheti. Kilicho kipya ni cheti.

Mfano tunao hapa hapa. Wapemba wamekaa na popo wao mkubwa vizazi na vizazi, wakigombania naye maembe. Katika sayansi anahesabiwa kuanzia 1909, pale Mjerumani Paul Matschie alipomwandika kwa jina la Pteropus voeltzkowi, kumuenzi Mjerumani mwenzake, Alfred Voeltzkow. Mpemba hayumo. Kipunji, kima wa Rungwe aliyetangazwa 2005, alibahatika zaidi: jina walilomwita Wanyakyusa ndilo lililoingia vitabuni.

Cheti chenyewe kina masharti. Maelezo ya mdudu yachapishwe, apewe jina la maneno mawili kwa utaratibu wa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi (majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia 1758), na tangu 2000 ni lazima itajwe holotaipu na makumbusho inakohifadhiwa. Holotaipu ni mdudu mmoja tu, yule aliyefungwa na jina. Baadaye ikibainika kwamba waliodhaniwa spishi moja ni mbili zilizochanganywa, jina linabaki na holotaipu, na wale wengine wanatafutiwa lao. Kwa kipunji holotaipu ilikuwa mnyama aliye hai, aliyeonyeshwa kwa picha tu, na wataalamu walibishana sana juu ya hilo.

Kwa nondo picha haisaidii kitu. Wapo wanaofanana kama vipande viwili vya doti moja ya kanga, kumbe hawazaliani kabisa. Basi mtaalamu hutundika shuka jeupe msituni, akawasha taa, akangoja watue. Aliyekamatwa huchomwa pini na kutandazwa mbawa. Kisha hukatwa tumbo, likachemshwa katika maji ya magadi makali hadi nyama iyeyuke, zikabaki sehemu za uzazi, ambazo ni ngumu na kila spishi ina umbo lake. Hizo ndizo zinazotazamwa kwa darubini na kulinganishwa na holotaipu za zamani, nyingi ziko London na Berlin. Kazi hiyo ndiyo inayokula miaka. Nondo anaweza kulala kwenye sanduku la makumbusho mpaka aliyemkamata afe, ndipo "agunduliwe".

Na kwa nini milimani? Misitu ya ukungu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa imekaa vileleni, katikati yake nchi kavu yenye joto ambayo nondo wa baridi haivuki. Kila mlima ni kisiwa. Sisi tunalijua hilo: Unguja ilikuwa imeungana na bara hadi miaka 10,000 hivi iliyopita, lakini Pemba ilitengwa zamani mno na mkondo wenye kina kirefu, ndiyo maana ina ndege wanne wasiopatikana kwengine kokote duniani, akiwemo ninga wake.

Chini ya pini ya kila nondo huwekwa kijikaratasi: kakamatwa wapi, urefu gani kutoka usawa wa bahari, lini, na nani. Holotaipu kwa desturi huongezewa cha rangi nyekundu. Na yule wa barazani hakuuliza upuuzi, kwani katika maelezo ya nondo urefu wa ubawa wa mbele huandikwa, tena kwa milimita.