Ukibonyeza A, Blender huchagua unachokiona tu

Juzi nimepokea tena ujumbe uleule, kutoka kwa kijana anayetumia Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D: "Mwalimu, Blender imeniharibia kazi. Nimechagua vifremu vyote nikavisogeza, sasa mhusika kiwiliwili kiko nyuma, miguu imetangulia." Kabla sijajibu, kijana alikuwa ameshafuta programu na kuisakinisha upya. Haikusaidia, na isingesaidia, kwa sababu Blender mpya huja na kichujio kilekile, cha kuonyesha vilivyochaguliwa tu, kikiwa kimewashwa.

Imani yenyewe ni hii: ukiweka kipanya juu ya Dope Sheet, dirisha linaloorodhesha vifremu (alama zinazoshika pozi kwenye wakati fulani), ukabonyeza A, umechagua kila kifremu kilichomo kwenye faili. Jamani, hapana. Umechagua vile ambavyo dirisha hilo linavionyesha wakati huo. Ni sawa na kusema "wote simameni" ukiwa sebuleni, halafu ukawagombeza walioko uani kwa kutosimama.

Tuchukue mfano. Muongozaji anataka mhusika achelewe nusu sekunde. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 12. Unabonyeza A, kisha G (ya kusogeza), unaandika 12, Enter. Lakini muda mfupi uliopita ulikuwa unarekebisha mkono, kwa hiyo kwenye Pose Mode (hali ya kupanga pozi) mifupa inayomwendesha mhusika iliyochaguliwa ni ya bega, kiganja na kifua. Kitufe chenye alama ya mshale juu ya Dope Sheet kimewashwa, na kazi yake ni kuorodhesha chaneli (mistari ya vifremu) za vilivyochaguliwa tu. Miguu haimo kwenye orodha, basi imebaki palepale ilipokuwa.

Hapo wengi hunijibu kwamba wanajua: A kwanza kwenye dirisha la 3D ili kuchagua mifupa yote, ndipo A ya pili kwenye Dope Sheet. Sawa, miguu imepona. Mdomo je?

Hili ndilo linaloniudhi, maana hata mafundi wazoefu linawapita. Maumbo ya mdomo, ule wa kutamka "a", ule wa "o", ule wa kufumba kwa "m", kwa wahusika wengi hayako kwenye mifupa. Yako kwenye meshi ya uso, yaani umbo lenyewe linaloonekana, na meshi ni objekti nyingine kabisa. Chagua mifupa yote mpaka uchoke, vifremu vya mdomo havitatokea kwenye orodha maadamu meshi yenyewe haijachaguliwa. Sauti nayo iko kwenye Video Sequencer, dirisha la kupanga video na sauti, haiguswi na chochote unachofanya kwenye Dope Sheet. Matokeo yake mdomo na sauti vyote havikusogea, kwa hiyo bado vinaendana! Ukikagua harakaharaka unaridhika kwamba mambo yako sawa. Unakuja kushtuka baadaye, mhusika anasema "toka hapa" kisha mkono unanyooka kuelekea mlangoni nusu sekunde baada ya maneno kwisha. Na bado watu wanasema programu ina kasoro.

Kamera pia ni objekti. Alama za chini ya taimlaini nazo zina uchaguzi wake. Mifupa iliyofichwa ina kichujio chake, jirani na kile cha mshale. Chaneli yenye kufuli haisogei.

Kinyume chake kipo, na kinauma zaidi. Alama ya kuchaguliwa hukaa kwenye kifremu chenyewe. Ukichagua vifremu vya mguu wa kushoto, kisha ukahamia kichwani, vile vya mguu vinatoweka machoni lakini bado vimechaguliwa. Ukibonyeza Alt+A hapo, umeondoa uchaguzi wa vya kichwa tu. Siku mguu ukirudi kwenye orodha, unakuja na rangi yake ya njano, na G inayofuata inaubeba pamoja na wengine.

Ninachowashauri ni kuzima mshale kabla ya kusogeza kitu chochote kikubwa, kisha kupitisha macho orodha nzima. Almasi za njano, yaani vifremu vilivyochaguliwa, zitakwenda, nyeupe zitabaki. Ukiona nyeupe mahali usipoitarajia, simama hapohapo.

Ila nisiwadanganye kwamba kuuzima daima ndiyo dawa. Kwenye shoti yenye wahusika wanne orodha inakuwa ndefu kupita kiasi, na ukichora kisanduku kwa B ni rahisi sana kunasa vifremu vya mtu asiyehusika. Miaka yote hii sijaamua lipi lina hasara ndogo. Nikirekebisha pozi nauwasha, nikisogeza muda nauzima, na katikati ya hayo kuna nyakati nabahatisha.

Kuhusu kubana au kurefusha muda kwa S, harakaharaka: kwenye Dope Sheet inapimia kutoka fremu ya sasa, kwa hiyo peleka ule mstari wa bluu unapotaka kwanza. Ukimaliza, Shift+S urudishe vifremu kwenye fremu kamili, maana vingi vitakuwa vimeangukia katikati.

Na yule aliyeuliza kwa nini akisogeza vifremu vya mlinzi mmoja wa mlangoni, mlinzi wa pili naye anasogea: hilo si suala la uchaguzi. Wote wawili wanatumia Action moja, yaani fungu moja la vifremu. Bofya namba iliyo pembeni ya jina la Action, kila mmoja atapata yake.