Sillar: jiwe jeupe lililoujenga mji wa Arequipa

Sillar ni jiwe la volkano, jepesi na laini, lililotumika kujenga sehemu kubwa ya mji mkongwe wa Arequipa, kusini mwa Peru. Kwa Kihispania cha kawaida neno hilo ni jiwe lolote lililochongwa likawa na pembe nne. Arequipa, sillar ni mwamba wenyewe. Lipo jeupe, na lipo lenye rangi ya waridi. Wageni wengi hudhani limetoka Misti, volkano yenye kimo cha mita 5,822 inayouangalia mji. Sivyo. Mwamba huu una zaidi ya miaka milioni moja, ni wa zamani kuliko Misti. Majivu, vipande vya pumisi (jiwe la volkano jepesi lenye vitundu) na gesi ya moto viliporomoka bondeni kwa pamoja, vikatulia na kushikamana.

Havikushikamana sana, ndiyo maana jiwe hukatwa kwa mkono. Kwenye machimbo ya Añashuayco, nje kidogo ya mji, wachimbaji hupigilia kabari za chuma mwambani mpaka pande kubwa liachie, kisha hulipasua na kulisawazisha kwa nyundo na patasi, wapate matofali yenye urefu wa karibu nusu mita.

Wahispania walipoanzisha mji tarehe 15 Agosti 1540, hawakuanza na sillar kila mahali. Udongo, mbao na nyasi vilitumika sana, na tetemeko la 1582 likaangusha nyumba nyingi. Mwaka 1600 mlima Huaynaputina ukalipuka na kuunyeshea mji majivu. Katika nchi kame mbao nzuri ni adimu, basi polepole waashi wakahamia jiwe, kuanzia ukuta hadi paa.

Paa la jiwe ni tao refu, na tao husukuma kuta kwenda nje. Ndiyo sababu kuta za nyumba za kikoloni ni nene, nyingi zikipita mita moja, na zimewekewa viegemeo vya mawe ubavuni. Lakini unene huo si jiwe tupu. Ukuta una nyuso mbili za sillar, na katikati kumejazwa kifusi na chokaa. Pasipokuwa na mawe marefu ya kuzifunga nyuso hizo pamoja, ardhi ikitikisika huachana, na uso wa nje huvimba, kisha hudondoka. Sillar huvumilia kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa. Nyumba fupi zilisalimika zaidi, minara ikapata taabu: tarehe 23 Juni 2001, tetemeko la kipimo cha 8.4 liliangusha mnara mmoja wa kanisa kuu.

Ulaini huo huo ndio uliowapa mafundi nafasi ya kuchonga. Uso wa kanisa la La Compañía, wenye mwaka 1698 uliochongwa juu yake, umejaa maua, zabibu, ndege na sura za watu, kazi inayochanganya mtindo wa barok wa Ulaya na mkono wa mafundi wenyeji. Ukisogea karibu utaona nakshi si za kina kirefu. Zimelala bapa kama darizi kwenye kitambaa. Huwa tunasifu ladha ya wachongaji, na kwa haki, ila jiwe nalo lilikuwa na kauli: lina punje za pumisi, na ukingo mwembamba uliochimbwa kwa ndani humeguka.

Jina la “mji mweupe”, ambalo Arequipa huitwa, nalo lisikudanganye. Kuta nyingi zilipakwa rangi. Katika monasteri ya Santa Catalina, iliyoanzishwa 1579, bado kuna vichochoro vyekundu na nyua za buluu. Rangi ya chokaa haikuwa urembo tu, kwani sillar hunyonya maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu na kuubomoa uso kidogo kidogo, hasa sehemu ya chini ya ukuta. Anayeziba kwa lipu ya saruji huongeza tatizo, maana saruji huzuia unyevu kutoka, na lipu ikibanduka huondoka na ngozi ya jiwe. Ukuta wa namna hii hurekebishwa kwa chokaa na mchanga, baada ya kuondoa kwanza chanzo cha maji.