Urefu wa darubini juu ya mtutu: yanayosemwa uwanjani na yanayotokea kweli

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huku Nakuru bunduki yenye darubini utaikuta kwa marenja wa hifadhi, polisi na wachache wenye leseni wanaoshindana kwa shabaha. Hao ni watu wanaopaswa kujua kila risasi inakwenda wapi. Hata hivyo, kwenye uwanja wa shabaha ningali nasikia maelezo yaleyale yasiyo sahihi, na karibu yote yana chanzo kimoja: mtu husahau kwamba jicho na risasi havianzii mahali pamoja. Jicho hupita ndani ya darubini, risasi hutokea chini yake. Kwenye bunduki ya bolti (inayokokwa kwa mkono kila risasi) iliyofungwa darubini karibu na mtutu, kutoka katikati ya darubini hadi katikati ya mtutu, yaani kimo cha darubini, ni kama milimita 38. Kwenye bunduki za muundo wa AR (za jamii ya M16), ambazo darubini zake huinuliwa, ni kama milimita 66.

“Risasi ikitoka mtutuni hupanda kwanza”

Risasi haina cha kuipandisha. Huanza kuvutwa chini mara tu inapoacha mtutu, na haijalishi ni ya kasi gani. Kinachoonekana kama kupanda ni kazi ya mtutu wenyewe: bunduki ikishazerowa, yaani darubini ikisharekebishwa ili risasi igonge unapolenga kwa umbali fulani, mtutu huwa umeelekezwa juu kidogo kuliko mstari wa jicho, vile anayemwagilia miche ya mbali huinua mdomo wa mpira wa maji. Basi risasi huanza chini ya mstari wa jicho, huukata ikielekea juu, halafu huukata tena ikishuka. Tunaposema bunduki imezerowa mita fulani, tunataja mojawapo ya sehemu hizo mbili. Ukiinua darubini, sehemu hizo huhama.

“Ikigonga katikati kwa mita 25, kwa mita 100 iko sawa”

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi kuliko zote, na ina asili yake. Jeshi la Marekani lilizoea kuzero bunduki ya M16 kwa mita 25, kwa hesabu kwamba risasi itakutana tena na mstari wa jicho kwenye mita 300. Watu wakashika 25, wakaiacha 300.

Tufanye hesabu. Risasi nyepesi inayotoka kwa mita 900 kwa sekunde huwa imeanguka kama sentimita 6.5 ikifika mita 100. Darubini yenye kimo cha milimita 66 ikizerowa mita 25, kwenye mita 100 risasi itagonga karibu sentimita 15 juu ya ulipolenga. Darubini ya milimita 38, kwa risasi ileile na mita 25 zilezile, itagonga juu kwa sentimita 6.5 tu. Bunduki mbili, zoezi moja, na tofauti ya zaidi ya sentimita 8 iliyoletwa na kimo cha darubini peke yake.

Renja mmoja aliwahi kuniita akiwa bado amelala kifudifudi: “Afande, hii darubini imekufa.” Tulikwenda kuitazama karatasi yake ya mita 100. Matundu matatu yalikuwa yamebanana, sarafu ingeyafunika, ila yote yalikaa karibu upana wa viganja viwili juu ya duara jeusi. Darubini iliyokufa hutawanya risasi. Ile ilikuwa nzima, na ilitii hasa ilivyoelekezwa kwenye mita 25.

Kama nafasi uliyo nayo ni mita 25 tu na unataka zero ya mita 100, usitafute katikati. Kwa darubini ya milimita 66, risasi zigonge kama sentimita 3.7 chini ya unapolenga. Kwa ile ya milimita 38, kama sentimita 1.6. Kumbuka pia kwamba kliki (hatua moja ya kuzungusha kirekebishi cha darubini) inayosogeza sentimita 1 kwenye mita 100 husogeza milimita 2.5 tu kwenye mita 25. Halafu, ukipata nafasi, nenda ukahakikishe kwenye mita 100 yenyewe. Hesabu hukufikisha karibu, karatasi ndiyo inayothibitisha.

Taa ya leza ya kuchomeka mtutuni ina mtego huohuo. Ukiikutanisha na msalaba wa darubini kwenye ukuta ulio mita 25, umekutanisha mistari miwili tu, wala hujazero. Inakusaidia risasi ya kwanza ianguke ndani ya karatasi.

“Nikiona shabaha vizuri, njia ni nyeupe”

Hapa nasisitiza kwa sababu mtu anaweza kuumia. Anayeegemeza bunduki kwenye boneti ya gari au gogo la mgunga huona shabaha safi kabisa ndani ya darubini, kumbe mdomo wa mtutu uko sentimita 6 au 7 chini, unatazama bati au gome. Kabla ya kugusa kifyatulio, tazama mdomo wa mtutu wenyewe. Na kwa shabaha ya mita 10, bunduki ya milimita 66 iliyozerowa mita 100 hugonga zaidi ya sentimita 5 chini, kwa hiyo lenga juu kwa kiasi hicho.

“Darubini ikiwa juu, risasi huenda imenyooka zaidi”

Risasi haijui darubini iko wapi. Ni kweli kwamba, zote zikiwa zimezerowa mita 100, ile ya milimita 66 kwenye mita 200 itagonga karibu sentimita 3 juu kuliko ile ya milimita 38, maana mtutu wake umeinuliwa zaidi. Lakini ilizilipia hizo sentimita kwa kugonga chini zaidi karibu. Anayeinua darubini afanye hivyo kwa sababu ya shingo na jicho lake, na sababu hiyo inatosha.

“Darubini ya juu ikiinama upande, umekwisha”

Kwenye umbali uliozero, kosa la kuinamisha bunduki hutokana na kiasi risasi ilichoanguka. Kimo cha darubini hakiongezi kitu. Ukiinamisha nyuzi 10 kwenye mita 100, risasi yetu itakwenda pembeni kama sentimita 1, iwe darubini iko chini au juu.

“Ukitoka Mombasa, Nakuru lazima uzero upya”

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na risasi hupunguza kasi polepole zaidi. Kwa mita 100 tofauti ni kama milimita 1, ambayo mkono wako hauwezi kuiona. Kwa mita 300 ni sentimita chache, na hapo inafaa kuangalia. Kinachodai uzero upya, hapa au Kisumu, ni kubadilisha aina ya risasi, au kufungua vishikio vya darubini na kuvifunga tena. Ukiweka vishikio vipya, pima: nusu ya unene wa mtutu, jumlisha nafasi iliyo kati yake na darubini, jumlisha nusu ya unene wa darubini mahali hapohapo. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plasta, uibandike kwenye kitako.